Rangi ya Kungoja

“Kungoja ni kazi ya idara gani?”

Swali hilo niliulizwa nikiwa nimesimama mbele ya chati niliyoitengeneza mwenyewe, fimbo ya kuonyeshea mkononi, wajumbe wa bodi wamejipanga upande wa pili wa meza ndefu wakinitazama. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu. Nilikuwa na mdomo pia, ofisi nzima ya Shinyanga ilijua. Jibu nililotoa lilichekwa.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi hii siku hizi mnabonyeza kitufe, na ratiba yenye mamia ya kazi inajigeuza kuwa mistari ya rangi ukutani. Nimewahi kualikwa, nikakaa viti vya nyuma nikawatazama mkiwaonyesha wakubwa zenu. Picha zinapendeza kweli. Lakini sikumsikia hata mmoja wenu akijiuliza vile vitu vilivyoondolewa ili picha ipendeze vimekwenda wapi. Nimestaafu, sina wa kumwogopa, kwa hiyo nitawaambia vilikokwenda vyangu.

Shirika nililofanyia kazi lilikuwa limepewa jukumu la kufufua mgodi wa dhahabu uliofungwa zamani, mbele ya Katoro ukielekea Geita. Shimo lake kuu lilikuwa limejaa maji tangu wenyewe walipoondoka. Wahandisi walikaa huko kwenye tope. Sisi wa kitengo cha mipango tulikaa Shinyanga mjini, kwenye jengo la bati lililokuwa likilia kama kikaango kila jua lilipopanda. Ratiba ilitoka kwa wahandisi ikiwa kurasa nyingi zilizopigwa chapa, kazi moja chini ya nyingine: kuleta pampu, kufunga pampu, kuvuta maji, kuteremsha magogo ya kuegemeza kuta, na kadhalika mpaka macho yanauma. Kazi yetu ilikuwa kuipunguza mpaka kibaki kitu kimoja ambacho mkubwa anaweza kukielewa kabla chai yake haijapoa.

Aliyenifundisha ni mkuu wa kitengo, Mzee Mfaume, mtu wa Tanga, mpole, aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata kwenye joto la mwezi wa kumi. Chati yangu ya kwanza nilimpelekea nikiwa na kiburi cha chuo bado kinanuka.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, msomi. Hii nini?”

“Ratiba ya mradi. Nimeweka kila kitu.”

“Naona. Hii hata mchwa ukiwapa watashiba. Lakini bodi haili karatasi.” Akaibandika ukutani, akanipeleka kiti cha mwisho kabisa cha chumba cha mikutano, akanikalisha. “Haya, nisomee mstari wa tatu.”

Sikuuona.

“Na wewe ni kijana. Sasa fikiria wale wenye miwani ambao hawataki ijulikane kuwa wana miwani.”

Tangu siku ile sikuchora kitu bila kwanza kukaa kiti cha mwisho. Nyinyi pia mfanye hivyo. Kioo cha kompyuta kipo karibu na pua yako, kinakudanganya.

Mengine aliyonifundisha nayakumbuka kama mtu anavyokumbuka mapishi ya nyumbani kwao. Jina la kazi liandike ndani ya mstari wake, usiliandike pembeni, maana jicho la mtu aliyechoka halisafiri. Mistari isizidi vidole vyako. Kila idara na rangi yake: buluu ya pampu, kijani ya watu wa magogo, njano ya umeme. Mistari usiichore moja kwa moja kwenye karatasi, kata vipande vya manila ya rangi uvibane kwa pini, ili tarehe ikibadilika unasogeza kipande badala ya kuchora upya. Manila ilikuwa shida kupatikana kama sukari. Siku ya leo ilionyeshwa kwa uzi mwekundu uliofungwa nati chini ili unyooke. Na kiangazi, kabla hujafungua wino, funga madirisha, kwa sababu malori ya pamba yakipita, nyuzi zinapeperuka na kuingia ndani, na herufi zako zinaota ndevu.

Makosa tulifanya mengi, na mengine yalichekesha. Mwaka mmoja niliona ni busara kuonyesha msimu wa mvua. Nikapaka ukanda mpana wa buluu hafifu juu ya miezi ile. Mgeni mmoja mkubwa kutoka wizarani akaitazama chati kwa muda, kisha akauliza kwa upole kwa nini nusu ya mradi imepangwa chini ya ziwa. Mara nyingine nilitumia kijani kwa kazi zilizochelewa, maana ndiyo manila iliyobaki. Katibu mmoja akaniita pembeni.

“Ndugu, hii ni rangi ya Chama.”

“Ndiyo, ndugu katibu.”

“Rangi ya Chama haichelewi.”

Nilimuuliza basi rangi gani inaruhusiwa kuchelewa. Mzee Mfaume alinivuta mkono kabla sijajibiwa.

Ndivyo nilivyokuwa. Kila kitu nilikihoji, hata salamu. Mama Kabula, aliyenipangishia chumba mtaa wa Ngokolo, alikuwa akiniambia, “Wewe mtoto, utakuja kuolewa na alama ya kuuliza.” Kwa tabia hiyo hiyo, siku nilipokuwa napunguza ratiba mpya ya mgodi, nilikwama kwenye mstari mmoja. Kati ya “kuvuta maji” na “kuingiza magogo” mhandisi alikuwa ameandika: kungoja kuta zitulie. Na muda aliouweka haukuwa mdogo, ulikuwa wa wiki nyingi.

Nilimuuliza Mzee Mfaume kuta zinatulia vipi. Akasema yeye ni mtu wa karatasi. Nikaomba safari.

Tuliondoka kwa Landrova ya ofisi, tukanywa chai Tinde, tukapita Kahama na Ushirombo, tukafika mgodini tumekuwa wekundu wote kama matofali. Aliyeandika ule mstari alikuwa kwenye kibanda cha mabati kando ya shimo. Jina lake Ntobi, mzaliwa wa Ushirombo, mrefu, mwembamba kama mpini, mhandisi aliyesomea ng’ambo akarudi na dharau kwa kila mtu anayekaa ofisini.

“Kwa hiyo wewe ndiye unayeigeuza ratiba yangu kuwa kanga,” alisema kabla sijakaa.

“Kanga inasomeka, Injinia. Yako haisomeki.”

Alinitazama, kisha akacheka, akanisogezea kiti. “Kaa. Umefuata nini?”

“Huu mstari wa kungoja. Wanangoja nini?”

Akaacha kucheka. Alinichukua mpaka ukingoni. Pampu zilikuwa zinanguruma, maji yanatoka yamechafuka kama togwa iliyoharibika, na chini kabisa giza. Akanieleza, na nitawaeleza kama alivyosema, kwa sababu sijapata kusikia maelezo yaliyonyooka kuliko yale.

“Shimo limekaa na maji miaka yote hii. Maji yamekuwa yakizisukuma kuta kutoka ndani, ndiyo nguzo yake. Sasa sisi tunaitoa nguzo. Na mwamba wenyewe umelowa mpaka ndani, mzito, haujajua kuwa umeachwa peke yake. Lazima uuachie muda. Maji yatoke kwenye nyufa, vipande vilivyolegea vidondoke vyenyewe bila mtu chini. Vikikoma kudondoka, ndipo watu wangu wanaingia na magogo.”

“Na usipongoja?”

“Nilipokuwa mwanafunzi wa mazoezi, huko ng’ambo, niliona shimo ambalo hawakungoja.”

“Ikawaje?”

“Katengeneze chati yako, binti.”

Nikamwambia aje Shinyanga awaeleze bodi mwenyewe. Akasema pampu mbili kati ya zile zinamsikiliza yeye tu, akiondoka zinazima, na zikizima maji yanarudi. Tena, alisema, hajui kuongea na watu waliovaa soksi safi. “Wewe una mdomo. Waambie.”

Niliporudi nilikata kipande kirefu cha manila ya kijivu, nikaandika ndani yake KUNGOJA KUTA ZITULIE, nikakibana mahali pake. Mzee Mfaume alikiona kabla sijamaliza kupanga pini.

“Kijivu ni ya idara gani?”

“Si ya idara, Mzee. Ni kungoja.”

“Rangi ni za idara. Ukiweka rangi isiyo na mwenyewe, wataanza kutafuta mwenyewe, na mkutano utaishia hapo.” Akachomoa pini kwa uangalifu, bila hasira, akanirudishia kipande. “Acha nafasi. Watu wenye akili wataona kuna nafasi.”

Nilibisha. Nilisema nafasi tupu haisemi kitu. Akasema ndiyo uzuri wake. Tulibishana mpaka mhudumu akaja kufunga milango, na yeye ndiye alikuwa mkuu wa kitengo. Nafasi ikabaki nyeupe.

Siku ya mkutano ulitajwa ugeni mkubwa: mgodi ungefunguliwa rasmi, na wageni wa taifa wangekuja. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, msikivu kuliko wengi niliowahi kuona. Nawaomba msimfikirie kama shetani. Alisikiliza, aliuliza, aliandika. Mzee Mfaume alisoma mistari mmoja mmoja, nami nikafuatisha kwa fimbo. Kila mtu alielewa. Mjumbe mmoja alisema kwa sauti kwamba hajawahi kuona ratiba inayoeleweka namna ile. Nilivimba kichwa, nakiri.

Kisha Mwenyekiti akainua kalamu. “Hapa kati ya buluu na kijani. Pana nini?”

“Msomi atajibu,” alisema Mzee Mfaume.

Nikajibu. Nikaeleza maji, nguzo, mwamba uliolowa, vipande vilivyolegea. Nadhani nilieleza vizuri.

“Kwa hiyo wanangoja.”

“Wanangoja, Ndugu Mwenyekiti.”

“Nani anangoja? Watu wa pampu?”

“Hapana, wao wamemaliza.”

“Wa magogo?”

“Hawajaanza.”

“Sasa, binti yangu, kungoja ni kazi ya idara gani?”

Nilisema ni ya wote. Mtu akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alisema kwa upole kwamba kitu cha wote hakina anayekisimamia, na kisicho na msimamizi katika mradi ni uzembe uliopewa jina zuri. Alisema nchi haina diseli, haina sabuni, na hapa kuna nafasi nyeupe ambayo hakuna mtu anayefanya kitu. Akainuka. Akaja mpaka kwenye chati, akasimama karibu nami kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake. Akachomoa pini za kile kipande cha kijani, akakisukuma kushoto mpaka kikagusana na cha buluu, akazirudisha pini.

“Mnaona? Inaingia.”

Na kweli iliingia. Ilikaa vizuri kuliko mwanzo. Hata mimi, macho yangu ya kazi yaliona kuwa sasa chati imepata mlingano. Wakapiga makofi. Kipande kisichozidi urefu wa mkono wangu kilisogezwa kwa muda wa kupangusa miwani, na hakuna aliyekuwa amesema kuta zitulie haraka zaidi. Kama ratiba ile ingekuwa bado kurasa zile chafu za Ntobi, Mwenyekiti angelazimika kupekua, kuuliza, kuandika upya, labda angechoka. Tulikuwa tumemrahisishia.

Wiki iliyofuata nilipanda lori la saruji kwenda mgodini, bila ruhusa. Ntobi alikuwa ameshapata amri kwa redio ya mawasiliano, na nakala ya chati mpya ilikuwa imebandikwa kibandani kwake. Nilianza kumweleza nilivyojaribu. Akanikatiza.

“Ni nzuri,” alisema, akiitazama. “Inasomeka mpaka mlangoni. Nilikukosea kuiita kanga.”

“Utafanya nini?”

“Maji yakiisha, wanataka watu chini siku hiyo hiyo.”

“Nimekuuliza utafanya nini.”

“Wewe huchoki kuuliza?” Alimwita mpishi aniletee uji. Tukaongea habari za Ushirombo, za mama yake ambaye alitaka awe padre, akasema angekuwa padre mbaya kwa sababu hawezi kusamehe makosa ya hesabu. Nilipoondoka alinipungia mkono huku ameshaanza kumfokea mtu wa pampu.

Habari zilikuja kwa redio ile ile. Maji yalikuwa yamekwisha jana yake. Asubuhi, kikosi cha watu wa magogo kilipangwa kushuka. Lakini kamba ya winchi ya kushushia watu ilikutwa imekatika nyuzi kadhaa, haiwezi kubeba ndoo iliyojaa watu, kikosi kikabaki juu kusubiri kamba nyingine. Ntobi akasema kamba hiyo inatosha kubeba mtu mmoja mwembamba, akashuka peke yake. Alikuwa hajakaa chini muda mrefu. Ukuta wa upande wa mashariki uliachia.

Mazishi yalikuwa kwao. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama yake alikaa kwenye mkeka, wanawake wakimshika mabega, na kila aliyefika kutoka shirikani alimwambia neno lile lile, pole, Mungu amlaze pema. Mwenyekiti wa bodi alikuja, akalia kweli, machozi ya kweli. Alisema tumshukuru Mungu kwamba kamba ilikuwa mbovu siku ile, vinginevyo tungekuwa tunazika kikosi kizima. Watu wakaitikia. Nyuma yangu mtu wa ofisini akanong’ona, “Injinia mwenyewe ndiye aliyepanga watu wangoje, na yeye ndiye aliyeshindwa kungoja.” Maneno hayo yalirudi na sisi Shinyanga, yakaingia kwenye taarifa kwa lugha ya heshima zaidi, na ndiyo yaliyobaki. Kwamba alikuwa mtu mwenye haraka, kwamba alishuka kwa kamba mbovu kwa ukaidi wake.

Nami niliyaamini. Nataka mjue hilo, kwa sababu nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu, na hilo sikulihoji. Nilimkasirikia marehemu miaka na miaka. Niliona amenifanyia ufidhuli: nimemtetea mbele ya bodi, na yeye akaenda kuvunja sheria aliyoiandika kwa mkono wake.

Ufunguzi ulisogezwa, ukasogezwa tena, halafu ukaacha kutajwa. Diseli ilikwisha, maji yakarudi shimoni. Mzee Mfaume alistaafu mapema akarudi Tanga. Siku ya kuagana aliniachia rula yake ya T.

Niliendelea na kazi hii katika miradi mingine, ya mabwawa, ya barabara, ya viwanda vya kuchambua pamba. Nilibadilisha mambo mawili, na haya ndiyo ninayotaka mchukue. La kwanza, kipindi cha kungoja nilikipa rangi. Zege linalokauka, udongo unaoshindiliwa na kuachwa ushuke, dawa inayosubiri kuisha makali kwenye tenki la maji: vyote nilivikatia kipande, kinene kama vingine, rangi nzito kuliko zote, na ndani yake sikuandika “kungoja” tu, niliandika kitakachotokea mtu akianza kabla. Ukuta utaanguka. Tenki litapasuka. Walisema naharibu chati kwa maneno ya uchuro. Sawa. La pili, kila kipindi cha kungoja nilikiandikia jina la mtu, na nilihakikisha ni mtu atakayekuwa ndani ya chumba siku ya mkutano. Wakubwa wanaweza kusogeza nafasi nyeupe. Kusogeza jina la mtu anayewatazama usoni ni kazi nyingine. Mara mbili niliona mkubwa ameshika pini, akageuka, akakutana na macho ya mwenye jina, akaiachia.

Kwenye kompyuta zenu, nafasi ya kungoja bado haina rangi. Nimechungulia. Mashine inaiacha tupu, kama Mzee Mfaume.

Nilikuwa nimeshastaafu nilipokwenda Katoro kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Katoro ya siku hizi huwezi kuitambua, pikipiki na maduka ya dhahabu kila upande. Pembeni mwa ukumbi alikaa mzee mmoja, mkono mmoja hauna vidole viwili, akanitazama mpaka nikaona haya.

“Wewe ni yule binti wa chati,” alisema. “Ulikuja na loli la saluji.”

Alikuwa Shija, mwendesha winchi wa mgodi ule. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana wazima na waliokufa. Tukafika kwa Ntobi. Nikasema nilichokuwa nikisema siku zote, kwamba alikuwa mkaidi, kwamba mtu mwenye elimu yake hakupaswa kushukia kamba mbovu.

Shija aliweka chini kikombe chake.

“Nani kakwambia ilikuwa mbovu?”

“Taarifa ilisema. Wewe mwenyewe ulikuwepo.”

“Nilikuwepo. Vijana wameshavaa kofia zao, wamejipanga, amri imetoka kwenu huko, washuke. Injinia akaja, akaishika kamba, akasema, Shija, hii imekatika nyuzi, haibebi kikosi. Nikafungua mdomo. Akanitazama hivi.” Alinionyesha alivyotazamwa. “Akaniambia kwa Kisukuma, nyamaza, nishushe mimi nikayasikilize hayo mawe, nipate cha kuwaandikia wakubwa.”

“Na walipokuja kuchunguza?”

“Waliniuliza winchi. Winchi nzima, nikasema nzima. Kamba hakuna aliyeuliza.”

Kamba ilikuwa mpya. Walikuwa wameifunga yeye na Ntobi wiki ile ile.